Wema unaonekana wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu utafiti wa maadili kwa Wakristo na kwa watu wasio na dini

Maswali haya nimeyapata sehemu nyingi. Mengi ni ya wanafunzi wa anthropolojia, mengine ya wachungaji niliowaomba ruhusa ya kukaa ibadani na daftari, na mawili ni ya mama yangu mdogo, ambaye hadi leo anashangaa kwamba mtu analipwa mshahara ili ahudhurie misiba ya watu. Majibu hayalingani urefu. Pale jambo linapohitaji maelezo nimekaa nalo, na pale lisipohitaji nimepita.

Mwanaanthropolojia anayechunguza maadili anatafuta nini hasa?

Hatafuti orodha ya amri, kwa maana amri zimeshaandikwa na kila mwenye kitabu anaweza kuzisoma. Anatafuta jinsi mtu anavyoishi nazo Jumanne mchana, ada ya mtoto haijalipwa, shemeji amepiga simu kuomba mkopo wa tatu, na jirani kafiwa. Hapo mtu anampa nani kwanza? Akimnyima shemeji, anajielezaje mbele ya mke wake, mbele ya wazee na mbele ya nafsi yake? Na akikosea, kuna njia gani ya kurudi?

Mwanatheolojia atauliza lipi ni jema. Mwanafalsafa atauliza kwa nini ni jema. Sisi tunauliza kitu cha chini zaidi: watu hawa, mahali hapa, wanafanya nini ili wawe watu wema, na kazi hiyo inawagharimu nini?

Kwa nini mkae mwaka mzima au miwili? Dodoso halitoshi?

Niliwahi kuamini kwamba linatosha. Katika mtaa mmoja nilizunguka na dodoso lenye swali, "Je, kusema uongo ni kosa?" Karibu kila mtu alijibu ndiyo, akiwemo mama mmoja muuza maandazi, mzee wa kanisa, tena kwa mkazo. Alasiri ile ile nilikuwa nimekaa barazani kwake alipokuja kijana wa marejesho kumtafuta jirani. Yule mama akamwambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba jirani amesafiri. Jirani alikuwa ndani, nyuma ya pazia, ameshika mtoto.

Kijana alipoondoka nikamtazama mama. Akasema, "Sasa wewe ulitaka nimtoe mwenzangu?"

Dodoso langu lilikuwa limekusanya jibu sahihi la swali lisilo na maana. Jioni ile nilianza kuelewa kwamba kwake yeye ukweli na kumsitiri jirani ni mambo mawili yanayovutana, kwamba analijua hilo, na kwamba usiku anaweza kuliombea toba bila kulijutia. Mambo kama haya hayatoki kwenye visanduku vya "nakubali" na "sikubali". Yanatoka barazani, jikoni, kwenye kikao cha kamati ya msiba, na ni lazima uwepo yanapotokea. Ndiyo maana tunakaa, tunajifunza lugha, tunachanga, tunabeba maji, na ndiyo maana utafiti wetu unaitwa uchunguzi shirikishi.

Maadili yameanza lini kuchunguzwa namna hii?

Edvard Westermarck, Mfini aliyefanya kazi miaka mingi nchini Morocco, alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu asili ya mawazo ya maadili kati ya 1906 na 1908. Mwaka huo wa 1906, huko Ufaransa, Émile Durkheim alikuwa akieleza kwamba maadili ni sauti ya jamii ndani ya mtu. Wazo la Durkheim lilishinda, na ushindi wake ukawa na hasara: kama maadili ni jamii tu, basi ukishaandika mila na desturi umeshamaliza kazi.

Mwanaanthropolojia James Laidlaw, katika mhadhara wake uliochapishwa 2002, aliliweka tatizo hilo wazi. Alisema taaluma yetu haijawa na namna ya kuuzungumzia uhuru, ule wa mtu anayejitazama na kujiuliza awe mtu wa aina gani. Tangu hapo kazi zimefuatana haraka, na wakubwa wa uwanja hawakubaliani. Jarrett Zigon anasema maadili huonekana pale mambo ya kawaida yanapovunjika na mtu analazimika kusimama afikiri. Michael Lambek anajibu kwamba yamo tayari katika mambo ya kila siku, katika kusalimia, kuahidi na kusamehe. Mimi nimeona yote mawili kwenye msiba mmoja, kwa hiyo sioni sababu ya kuchagua upande.

Inakuwaje Wakristo walichelewa kuchunguzwa, ilhali wako kila mahali?

Kwa sababu walikuwa karibu mno. Wanaanthropolojia wengi wa Ulaya na Marekani walitoka katika jamii za Kikristo na wengine walikuwa wameziacha. Waliposafiri walitaka kuona mizimu, matambiko na uganga, na kanisa la kijijini wakaliona kama bati la kutu kwenye picha nzuri, kitu cha kuepuka. Mwaka 1991 Susan Harding aliandika kwamba Wakristo wenye msimamo mkali wa Marekani walikuwa wamegeuzwa kuwa "wengine" wa kuchukiza, watu ambao msomi aliruhusiwa kuwadharau wakati angeona haya kuwadharau watu wengine wowote. Mambo yalibadilika hasa baada ya 2000, na mtu aliyesukuma sana mabadiliko hayo ni Joel Robbins.

Naomba mfano mmoja wa Wakristo, kwa undani.

Basi tukae na Waurapmin, kwa sababu kila ninapowafundisha darasa hunyamaza.

Ni watu wachache, mia tatu na tisini hivi wakati Robbins alipoishi nao mwanzoni mwa miaka ya 1990, milimani huko Papua New Guinea. Hakuna mmishenari wa Kizungu aliyewahi kuweka makazi kwao. Wao wenyewe waliwatuma vijana wakasome kwa Wabaptisti wa mbali, na mwaka 1977 ukaja uamsho. Katika lugha ya Tok Pisin wanauita *rebaibal*. Ndani ya muda mfupi kila mtu alikuwa ameokoka, na nyumba za matambiko zikafutwa kazi.

Shida ilianzia hapo. Katika maadili yao ya zamani, mtu mwema alipaswa kushika sheria na miiko, lakini pia alipaswa kuwa na nguvu ya utashi. Bila utashi hakuna kinachoanza. Msichana anapomtaka mume fulani anawaudhi wengine. Mtu anapompa rafiki nyama, mwingine amekosa, na atanuna. Kuishi na watu ni kusukuma na kusukumwa, kisha kutuliza hasira kwa zawadi. Wazee walijua kupima viwili hivyo kama mpishi anavyopima chumvi.

Ukristo wao mpya uliondoa mzani huo. Hasira ni dhambi, tamaa ni dhambi, na utashi wenyewe ni dhambi, hata ukibaki moyoni bila kutendwa. Lakini bado wanaishi kijiji kile kile, wanalima viazi na magimbi, wanaoana, wanagawana nyama. Kila siku mtu anafanya yale yanayohitajika ili jamii iendelee, na kila siku dini yake inamwambia kwamba kwa kuyafanya ametenda dhambi. Wanaungama. Wanasali sana. Wana ngoma ya ibada inayoitwa *spirit disko*, ambamo Roho humshukia mtu na kumtikisa kwa nguvu mpaka dhambi zimtoke, na baadaye mtu hulala chini akiwa mwepesi na mwenye amani. Amani hiyo haikai. Kesho yake kuna shamba, kuna jirani, kuna hasira.

Robbins aliiita hali hii mateso ya kimaadili. Wasomaji wengine wanaona kwamba amewahurumia kupita kiasi. Mimi naona amewatendea haki, kwa kuwa hakuuchukulia Ukristo wao kama vazi lililovaliwa juu ya mila, na hakuzichukulia mila kama uchafu uliobaki. Aliona vyote viwili viko hai ndani ya mtu mmoja, na kwamba vinabishana.

Lipo jambo lingine kwa Waurapmin linalomhusu kila mtafiti. Wanasema mtu hawezi kujua kilicho moyoni mwa mwenzake, na si adabu kukisia. Ukimwuliza Murapmin, "Unadhani kwa nini fulani alifanya vile?" umeuliza vibaya. Kuungama kwa maneno kulikuwa jambo geni kwao, kwa sababu hiyo. Sasa fikiria mtafiti anayefika na kinasa sauti na maswali yote yanaanza na "kwa nini".

Afrika Mashariki je?

Hapa kuna hazina, na tunayo mengi ambayo hayajaandikwa.

Uamsho wa Balokole, yaani "waliookoka" kwa Kiganda, ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, ukavuka hadi Tanganyika na Kenya, ulikuwa kwa namna fulani jaribio kubwa la kimaadili. Waliookoka walisimama mbele ya watu wakataja dhambi zao kwa majina: nimeiba, nimezini, nimemchukia ndugu yangu. Wengine walirudisha vitu walivyoviiba miaka iliyopita. Kisha ukaimbwa wimbo wa "Tukutendereza Yesu", yaani "Tunakusifu Yesu". Mwanahistoria Derek Peterson ameonyesha kwamba watu wengi waliudhika, na maudhi yao hayakuwa ushetani. Waliona kwamba mtu mwenye heshima huficha mambo ya nyumbani, na kwamba anayeungama uzinzi hadharani amemvua nguo na yule aliyezini naye. Kwa Balokole, usiri ndio ulikuwa mlango wa dhambi. Kwa majirani zao, usiri ndio uliokuwa nguzo ya adabu. Pande zote mbili zilikuwa na maadili, na ukimsikiliza mmoja tu utaandika hadithi ya uongo.

Mfano wa pili uko magharibi mwa Kenya. Wenzel Geissler na Ruth Prince waliishi katika kijiji cha Waluo mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati UKIMWI ulikuwa ukiwamaliza watu. Swali lililogawa nyumba lilikuwa *tero*, yaani mjane kuchukuliwa na ndugu wa marehemu. Mjane aliyeokoka alikataa, kwa sababu mwili wake ni hekalu na mume wake ni Yesu. Wakwe wakasema kukataa kwake kutaleta *chira*, ugonjwa unaoifuata nyumba iliyokiuka utaratibu, na kwamba watoto watakufa kwa ajili ya ukaidi wa mtu mmoja. Mtu wa shirika la afya angefika akaona upande wa sayansi na upande wa ujinga. Waandishi hao waliona mabishano ya ndani zaidi, kuhusu mguso: je, uhai unakua watu wanapoungana, kula pamoja na kugusana, au unalindwa mtu anapojitenga na kuwa safi? Neno la Kijaluo *riwo*, kuunganisha, liko katikati ya kitabu chao chote.

Dar es Salaam nako, Hansjörg Dilger ametazama shule za Kikristo na za Kiislamu kama mahali pa kufinyanga tabia za watoto. Mzazi anayelipa ada kubwa "kwa ajili ya maadili" ananunua pia Kiingereza na nafasi ya maisha. Viwili hivyo havitenganishiki kirahisi, na yeye hakujaribu kuvitenganisha.

Mtu akisema "Mungu ameniambia", mtafiti anaandika nini?

Anaandika kwamba mtu amesema Mungu amemwambia, kisha anauliza swali la maana zaidi: alijuaje kwamba ni Mungu? Tanya Luhrmann alikaa miaka kadhaa na makanisa ya Vineyard huko Chicago na California. Aliwaona waumini wakijifunza kusikia, kama vile mtu anavyojifunza ala ya muziki. Wengine walimmiminia Mungu kikombe cha kahawa, wakakaa naye mezani kuzungumza. Na walikuwa na vipimo: je, wazo hili ningelifikiria mwenyewe? Linapatana na Maandiko? Linaniletea amani? Wenzangu wanasemaje? Mtu aliyesikia sauti inayomwambia tu yale aliyokuwa anayataka alitiliwa shaka na kanisa lake mwenyewe. Huo nao ni ulinzi wa kimaadili, tena mkali.

Na watu wasio na dini mnawachunguzaje, ikiwa hawana kanisa wala siku ya ibada?

Ni swali zuri kuliko yote, na limetusumbua wenyewe.

Kosa la kwanza ni kuwachunguza kwa kile wanachokosa. Ukimwendea mtu na swali, "Bila Mungu, nini kinakuzuia kuiba?" umeshamweka kizimbani. Atajitetea, nawe utaandika utetezi ukidhani umeandika maisha yake. Lazima swali ligeuzwe: anafanya nini? Anamzika vipi baba yake? Anampa mtoto jina vipi, na mbele ya nani? Anaomba radhi vipi? Anajivunia nini kinachomgharimu?

Matthew Engelke ndiye ninayemtegemea hapa. Kwanza alikaa na kanisa la Masowe weChishanu huko Zimbabwe, Wakristo wanaovaa kanzu nyeupe na wanaoikataa Biblia kwa sababu wanataka neno la Mungu moja kwa moja, lisilopitia karatasi. Baadaye, mwaka 2011, akaenda kwa British Humanist Association jijini London, chama cha watu wasioamini Mungu chenye mizizi yake 1896 na ambacho tangu 2017 kinaitwa Humanists UK. Unaweza kudhani ameruka kutoka mashariki hadi magharibi. Yeye aliona watu wa makundi yote mawili wakihangaika na vitu: karatasi inafanya nini kati ya mtu na ukweli, na jeneza linafanya nini.

Jeneza, ndiyo. Wahumanisti hao wana watu waliofunzwa kuongoza mazishi. Mwongozaji huenda nyumbani kwa wafiwa, husikiliza maisha ya marehemu kwa saa kadhaa, kisha huyasimulia mbele ya watu bila kuahidi kwamba watakutana tena. Hapo ndipo maadili yao yanapojaribiwa, kwa sababu kutoahidi ni uaminifu na ni maumivu. Mjane akiomba wimbo mmoja wa kanisani, kwa kuwa marehemu aliupenda, unakubali? Ukikubali, umemhurumia au umedanganya? Kwa kawaida hutengwa dakika ya ukimya ili wenye imani waombe kimyakimya na wasio nayo wakumbuke. Na lile jeneza liko pale mbele. Ikiwa hakuna roho iliyotoka na hakuna inayosubiri, mwili ule ni nini? Uelekezewe maneno? Uguswe? Watu wanaosema kwamba ulimwengu ni maada tu wanajikuta hawajui wafanye nini na maada iliyo mbele yao. Engelke aliandika makala nzima juu ya hilo mwaka 2015, na haina dharau hata kidogo.

Alitazama pia furaha. Januari 2009 mabasi ya London yalitembea na tangazo, chama hicho kikiwa miongoni mwa waliolisaidia, lililosema yamkini Mungu hayupo, basi acheni wasiwasi mfurahie maisha. Wakristo wengi walisikia hapo ruhusa ya starehe. Engelke alipokaa na wanachama aligundua kwamba furaha kwao ni wajibu mzito: ikiwa maisha ni haya tu, kuyapoteza au kumpotezea mwingine ni kosa lisilo na fidia.

Wasio na dini wote ni kama hao wa London?

Hapana, na ndiyo maana mfano wa India ni wa lazima.

Johannes Quack alifuatana na wanaharakati wa jimbo la Maharashtra wanaopinga ushirikina. Wanazunguka vijijini, wanapanda jukwaani na kufanya miujiza ile ile inayofanywa na watakatifu matapeli, kisha wanaonyesha ulivyo ujanja wa mikono na kemia. Kwao kutoamini si jambo la mtu binafsi na kitabu chake kochini. Ni utetezi wa maskini, kwa sababu maskini ndiye anayeuza mbuzi wake ili kumlipa mganga. Kiongozi wao, daktari Narendra Dabholkar, aliuawa kwa risasi huko Pune tarehe 20 Agosti 2013, akiwa matembezini asubuhi. Mwaka huo huo jimbo likapitisha sheria ya kuzuia uchawi na unyonyaji wa namna hiyo, sheria aliyoipigania kwa miaka mingi. Baada ya hapo nani atasema wasioamini hawana kitu wanachoweza kukifia?

Huku kwetu wapo?

Wapo. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu zaidi ya watu 750,000 kuwa hawana dini. Tanzania haijauliza dini katika sensa tangu 1967, kwa hiyo usikubali takwimu zinazotajwa vijiweni. Huko Kasese, Uganda, kuna shule ya msingi ya wahumanisti tangu 2011.

Lakini ni vigumu kuwachunguza. Mwaka 2016 chama cha wasioamini Mungu nchini Kenya kilisajiliwa, na miezi michache baadaye usajili ukasimamishwa na Msajili; ikabidi waende mahakamani. Nje ya vyama, wengi wamekaa kimya. Wanaenda kanisani Krismasi, wanachangia jengo, wanasimama watu wakisimama. Mmoja aliniambia, baada ya miezi minane ya kufahamiana, kwamba haogopi moto wa milele, anaogopa siku mama yake atakapofariki na yeye atakapokuwa mtoto mkubwa asiyejua kuongoza sala. Na wewe mwenyewe ukifa, nani atakuzika? Kwetu swali hilo lina uzito kuliko hoja zote za kuwapo kwa Mungu, maana msiba hauna mlango wa mtu mmoja.

Tahadhari moja ya msamiati: katika mazungumzo yetu, "mpagani" hutumika kwa asiyeamini chochote na pia kwa anayefuata dini ya jadi. Ni watu wawili tofauti kabisa. Babu anayetambikia hawezi kuwekwa kwenye fungu la wasio na dini. Ana dini kuliko wewe na mimi.

Lugha inaathiri utafiti?

Sana. "Maadili" ni ndugu ya "adili" na "uadilifu", maneno yaliyotoka Kiarabu, na masikioni mwa watu wengi yananuka shule na hotuba za viongozi. Ukiuliza kuhusu maadili utapewa mavazi ya vijana. Uliza kuhusu *utu*, na mazungumzo yanafunguka. Kai Kresse, aliyekaa na wanafikra wa Mombasa, amelipa neno hilo nafasi kubwa, naye alikuwa na Waislamu. Lakini Mkristo wa Mbeya na kijana asiyeamini wa Nairobi wanalitumia kwa uzito huo huo. "Hana utu" ni hukumu isiyouliza dhehebu.

"Dhambi" nayo inahitaji mtu wa kumkosea juu ya wanadamu. Asiyeamini atasema "kosa", "ubaya", "kumkosea mtu". Ukimwona anasema "Mungu wangu!" gari linapomkosakosa, usikimbilie daftari. Hiyo ni lugha tu.

Je, ninyi wenyewe mnaamini?

Baadhi ndiyo, baadhi hapana. E. E. Evans-Pritchard, aliyeandika juu ya Waazande na Wanuer, aliingia Ukatoliki mwaka 1944. Victor na Edith Turner, baada ya kukaa na Wandembu wa Zambia, waliingia 1958. Wengine waliacha imani wakiwa uwandani.

Kinachotokea mara nyingi ni kidogo zaidi. Harding, huko Lynchburg, Virginia, alimhoji mchungaji Mbaptisti aliyetumia muda wote wa mahojiano kumshuhudia. Alipokuwa akiondoka na gari usiku ule nusura agongwe, na swali lililomjia kichwani lilikuwa: Mungu anataka kuniambia nini? Hakuokoka. Lakini alielewa kwamba maneno yale yalikuwa yameanza kufanya kazi ndani yake, na kwamba ndivyo yanavyofanya kazi kwa wengine. Mchungaji akinihubiria nakaa nasikiliza mpaka mwisho, na akiniuliza msimamo wangu namwambia kweli. Mtafiti anayejifanya ameokoka ili apate habari ni mwizi.

Kwa hiyo kwenu kila kitu ni sawa, mradi ni utamaduni wa mtu?

Hapana. Kuelewa kwa nini wakwe wanamlazimisha mjane si kukubali alazimishwe. Ila ukihukumu kabla hujaelewa, utapigana na jambo lisilokuwapo.

Wakristo wanaotoa misaada mnawaonaje?

Kwa heshima na kwa macho wazi. Omri Elisha alikaa na makanisa makubwa ya Knoxville, Tennessee. Wanaojitolea walitaka kutoa kama neema inavyotolewa, bure. Papo hapo walitaka anayepokea abadilike, aache pombe, awajibike. Asipobadilika walichoka, na uchovu huo ukawatia hatia. Yeyote aliyewahi kumsaidia ndugu mlevi atawaelewa bila tafsiri.

Nimeombwa kuhojiwa na mtafiti. Nina haki gani?

Una haki ya kukataa, na ya kuacha katikati bila kutoa sababu. Mwombe akuonyeshe kibali cha utafiti: kwa Tanzania hutolewa na tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, kwa Kenya na tume kama hiyo, NACOSTI. Mwulize jina lako litabadilishwa vipi, na nani atasikia kinasa sauti. Ukitoa ushuhuda kanisani, kumbuka kwamba kusikiwa na waumini hakumpi mtafiti ruhusa ya kuuchapisha. Aje akuombe tena, mkiwa wawili. Na ikiwa wewe ni mtu usiyeamini na familia haijui, mwambie hivyo mapema. Kubadilisha jina peke yake hakukufichi kijijini kwenu.

Nataka kuanza utafiti kama huu. Nifanye nini kwanza?

Usianze na viongozi. Mchungaji atakupa mahubiri, na mwenyekiti wa chama cha wasioamini atakupa hotuba, vyote vimeshaandaliwa. Tafuta mtunza daftari. Kila kikundi kina mtu anayeandika nani kachanga, nani hakuja, nani anadaiwa, nani alisamehewa na kwa nini. Kwenye misiba ya mtaani kwetu mara nyingi ni mwanamke wa makamo aliyekaa pembeni ya turubai, kalamu mkononi, simu mapajani kwa ajili ya michango inayoingia. Msalimie vizuri, toa rambirambi yako kwanza, ukae karibu naye. Mtu akipita bila kuandikwa, mwulize ni nani.